Mchezaji wa chuo Marekani aajiriwe rasmi? Tujadili

Kona ya Chang'ombe (mleta mada)

Wakuu, turudi Februari 2009. Hasheem Thabeet wetu wa Dar, futi 7 na inchi 3, yuko Chuo Kikuu cha Connecticut anacheza kikapu, anazuia mipira kama hana akili nzuri. Jimbo lina nakisi kubwa ya bajeti, na kocha wake, Jim Calhoun, analipwa na chuo hicho cha umma dola milioni 1.6 kwa mwaka. Baada ya mechi moja akaulizwa mbele ya waandishi: kwa hali hii, hurudishi hata kidogo? Mzee akaja juu, hata senti moja harudishi. Tena timu yake inaingiza dola milioni 12!

Haya, milioni 12 hizo anazileta nani? Msimu ule Thabeet alitajwa mchezaji bora wa ligi ya Big East pamoja na DeJuan Blair, na timu ikafika nusu fainali ya taifa. Alichoruhusiwa kupokea ni ada, malazi, chakula na vitabu. Angeuza jezi yenye saini yake, angefungiwa.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9, iliibwaga NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Mwezi uliofuata wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo. Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kumaliza kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA: dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliocheza tangu 2016 (Thabeet hayumo), na kila chuo kinaweza kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, 2025-26. Ila NCAA imegoma kata kata kuwaita waajiriwa.

Mimi nasema waajiriwe. Wapewe mkataba, bima ya kuumia na chama chao cha wafanyakazi.

Msomi wa Jioni

Mkuu, unamlilia Thabeet wakati alichaguliwa wa pili drafti ya NBA (timu zinapochagua wachezaji wapya) mwaka huohuo, akaenda timu ya Memphis kuvuna mamilioni. Bila Connecticut nani angemjua? Halafu idara nyingi za michezo zinakula hasara, na pengo linazibwa na ada za wanafunzi wa kawaida. Binti anayesomea uuguzi anachangia timu asiyoitazama, na bado unataka aongezewe mzigo wa mishahara! Hicho kikomo cha milioni 20.5 nacho hakina ajabu, hata NBA wana kikomo.

Kona ya Chang'ombe

Kikomo cha NBA wachezaji walikaa mezani wakakubaliana nacho kupitia chama chao. Hiki cha vyuo kimetoka kwenye kesi, na mchezaji anayeanza mwaka huu hana chama cha kumsemea.

Kuhusu hasara: Novemba 2023 chuo cha Texas A&M walimfukuza kocha wao wa futiboli ya Kimarekani, Jimbo Fisher, na kuvunja mkataba wake kuliwagharimu zaidi ya dola milioni 75. Kumlipa mtu asifanye kazi! Miaka yote fedha zilikatazwa kumfikia mchezaji, zikaishia kwa makocha na majengo, kisha tunaambiwa mfuko mtupu. Vyuo vidogo nakubali ni habari nyingine.

Bint Eldoret

Nyinyi mnaona kikapu tu. Suleiman Nyambui wa Tanzania alishinda mita 10,000 za vyuo miaka 4 mfululizo akiwa chuoni El Paso, Texas. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State 1978 alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Riadha haijazi uwanja kule. Vyuo vikubwa vinailipia kwa pesa za futiboli ya Kimarekani, na ndizo zimelipia tiketi za vijana wetu miaka yote hii.

Sasa angalieni huo mgao wa fidia: karibu asilimia 75 ni ya wanafutiboli. Na mwaka 2025 Washington State hiyohiyo ya Rono imetangaza kufuta mitupo na miruko. Mbio ndefu wamezibakiza, asante. Mkishawaajiri wa futiboli, kijana mkimbiaji wa Iten atalipiwa na nani?

Kona ya Chang'ombe

Dada, hapo umenibana, na jibu kamili sina. Nachokataa ni hesabu ya kwamba kijana wa futiboli, tena mara nyingi mweusi wa familia maskini, ndiye amfadhili kijana wa Iten huku kocha hakatwi kitu.

Mtoto wa Lubumbashi

Na sisi wageni? Oscar Tshiebwe wa kwetu Lubumbashi alikuwa mchezaji bora wa kikapu cha vyuo Marekani 2022 akiwa chuo cha Kentucky. Wenzake wakila matangazo, yeye viza yake ya mwanafunzi inamzuia. Agosti timu ikaenda Bahamas, ndipo akafanyia matangazo huko, nje ya Marekani! Mkiwafanya waajiriwa, si ndiyo mtatufungia mlango kabisa?

Kona ya Chang'ombe

Ndugu yangu, naona kinyume. Viza ya F-1, hiyo ya mwanafunzi, inaruhusu kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Na NCAA yenyewe imeandika kwenye kanuni zake kwamba shughuli za timu zisizidi saa 20 kwa wiki. Mwajiri akiwa chuo, naona mlango unaweza kufunguka, ingawa wanasheria watabishana. Aliyesoma kule kwa ufadhili wa michezo aje atuambie: hizo saa 20 zilikuwa ngapi kweli?