Kruzi ya usiku ngapi inatosha? Nisaidieni kabla ya Jumapili

Kutoka: Mama Wawili (Leicester, kwetu Tukuyu)

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo, na wa kwetu ugonile.

Jamani naomba akili zenu. Mwakani mwezi wa tano mimi na mzee tunatimiza miaka 20 ya ndoa na watoto wamejichanga wanataka kutupandisha meli ya kitalii, hizi kruzi, kutokea bandari ya Southampton huku Uingereza. Hatujawahi. Mimi meli niliyowahi kupanda ni ile ya Itungi kwenda Matema nikiwa darasa la tano na nilitapika njia nzima. Sasa binti kanitumia machaguo matatu, usiku 4 (Ubelgiji na Ufaransa halafu kurudi), usiku 7 (Norway), na usiku 14 (Madeira na visiwa vya Canary). Anataka jibu Jumapili maana ofa inaisha.

Mzee anasema tuchukue 14, eti tukishavaa viatu tutembee. Mimi roho inaniambia 4, tuonje kwanza. Halafu kuna hii habari ya likizo. Mimi ni nesi, likizo yangu inahesabiwa kwa masaa, wiki moja inakula masaa 37.5, wiki mbili 75, na Desemba nimeahidi kwenda nyumbani wiki tatu, hiyo peke yake ni 112.5. Mama ana miaka 81, ile safari siigusi.

Nyie mliopanda mnasemaje?

*

Kutoka: Dada wa Mafinga (Houston)

Kamwene dada! Hongera kwa miaka 20, wengine tunahesabu miaka 6 tunaona kama 60.

Nimepanda mara mbili kutokea Galveston, hapa ni kama mwendo wa saa moja tu kwa gari, kwa hiyo nikwambie kitu ambacho hakuna aliyeniambia mimi. Usihesabu usiku, hesabu siku ambazo mguu wako unakanyaga nchi kavu. Ile ya kwanza tulichukua usiku 4 tukidhani ni siku tano za kutalii. Weee. Siku ya kwanza ni foleni, mapasi, mabegi, zoezi la maboya, meli inatoka jioni. Ya pili maji matupu. Ya tatu ndo Cozumel, Mexico. Ya nne maji matupu. Ya tano saa mbili asubuhi washakutoa chumbani maana jioni wanapokea wengine. Yaani bandari MOJA dada. Nimelipa nauli, maegesho ya gari siku tano, nimenunua na kofia, kwa bandari moja.

Na ule usiku wa mwisho nao si usiku. Wanakwambia mabegi makubwa yatoke kwenye korido kabla hujalala, wanayakusanya usiku, utayakuta chini bandarini. Mume wangu akapanga vizuri kabisa, mtu wa jeshi yule, kila kitu ndani ya begi, begi nje. Asubuhi anaamka, suruali hana. Zote ziko kwenye begi na begi liko tumboni mwa meli. Alishuka mbele za watu wa uhamiaji na bukta ya kulalia na koti la suti. Nikicheka ananuna mpaka leo.

Mara ya pili tukaenda 7, hapo tukapata bandari tatu na nikaelewa kwanini watu wanarudia. Siku mbili za mwanzo bado unapotea kutafuta lifti, ya tatu ndo mwili unakubali.

Kuhusu saa, msiiamini simu. Tulikuwa Cozumel mwezi wa kwanza, simu ikajibadilisha yenyewe kufuata saa za pale, ikawa mbele kwa saa moja kuliko saa za meli. Tukatoka mbio sokoni na mifuko, mimi kandambili imekatika, kufika getini kumbe tuna saa nzima. Afadhali ilikuwa upande huo, ingekuwa kinyume tungeipungia mkono meli. Haingoji mtu ile. Vaa saa ya mkono, iseti kwa saa za meli basi.

*

Kutoka: Kijana wa Kyela (Hamburg)

Shikamoo dada, salamu kwa shemeji.

Mimi nimefanya kazi kwenye hizo meli mikataba mitatu, miezi minane minane, nikianzia kuosha vyombo nikamalizia kwenye bafe (pale abiria wanapojipakulia chakula), kwa hiyo nimewaona abiria kwa upande wa jikoni. Usiku 3 na 4 ni watu wa sherehe, mabachela, watu wanakunywa kama meli inazama kesho, hakuna anayelala na hakuna anayekumbuka jina lako. Usiku 7 ni familia, mchanganyiko mzuri. Wiki mbili ni wastaafu wengi hasa nje ya likizo za shule, wametulia, wanajua kiti chao, ukiwawekea chai mahali tofauti wanakasirika. Kwahiyo jiulize wewe na shemeji ni watu wa aina gani, sio pesa tu.

Sasa kutapika. Dada ile ya Nyasa ilikuwa meli ndogo na upepo wa mwera ulikuwa unapiga, hizi za sasa ni kama mtaa mzima wa Soweto pale Mbeya umewekwa juu ya maji, mara nyingi hausikii kitu. LAKINI ile ya Canary kutokea Southampton inakatiza ghuba ya Biscay kwenda na kurudi, na pale bahari ikichafuka inachafuka kweli, nimeona sahani zinaondoka mezani zenyewe. Na hesabu siku zake za baharini, mbili au tatu kwenda na mbili au tatu kurudi, kwenye hizo 14 unabaki na bandari kama nane hivi. Ya Norway ya usiku 7 kawaida ni siku moja ya maji kwenda, bandari nne mfululizo, siku moja ya maji kurudi. Bahari ya kaskazini nayo ina siku zake lakini ukishaingia kwenye fjodi maji yanatulia kama uji uliopoa. Chagua chumba cha katikati ya meli na ghorofa ya chini, usidanganyike na vya juu kabisa mbele, huko ndo bembea. Vidonge vya kichefuchefu meza kabla, sio ukishaanza.

Fjodi ni nini? Umeshawahi kusimama Matema ukaangalia ile milima ya Livingstone inavyoshuka moja kwa moja majini? Ndo hiyo, ila pande zote mbili, na meli inapita katikati. Mwezi wa tano juu bado kuna theluji na maporomoko yamejaa maana ndo inayeyuka. Mimi mara ya kwanza kwenye fjodi ya Geiranger nilitoka jikoni na aproni nikasimama nje dakika tano, bosi akanifokea. Baridi yake kama Makete asubuhi, beba sweta la maana.

*

Kutoka: Mzee wa Uyole (Mbeya)

Marahaba wanangu. Huku mvua zimeanza na mahindi ya watu yameshapandwa, mimi bado natafuta mtu wa trekta.

Nawasoma nacheka peke yangu kibarazani. Mimi na mama yenu kabla hatujarudi nyumbani kabisa tulipanda hiyo hiyo ya wiki mbili ya Canary, na nitasema tofauti kidogo na hao wadogo zako. Zile siku za maji ambazo wanazisema kama ni hasara, kwangu zilikuwa ndiyo safari yenyewe. Miaka 27 nimeamka saa kumi na moja alfajiri kukimbilia basi Birmingham, siku ya pili baharini nikakaa kwenye kiti sitahani, hakuna simu, hakuna meneja, hakuna mtu wa kunitumia ujumbe wa kuchangia harusi ya mtu nisiyemfahamu, nikalala mchana kweupe mdomo wazi. Mama yenu akapiga picha, ipo sebuleni.

Ila kwa ukweli kufika usiku wa tisa niliichoka ile bafe. Kila kitu kipo na hakuna chakula. Nikatamani ndizi za kupika na maharage. Na nguo, mwanangu, wiki mbili bila kufua haiwezekani, mashine za kufulia zina foleni na watu wanagombana pale kuliko bombani, nilishuhudia akina mama wawili wazee wa heshima wakitoleana nguo zenye maji.

Lakini sikia. Mimi nilikuwa nimestaafu, siku zangu hazikuwa za mtu. Wewe una masaa ya kuhesabu. Na safari ya nyumbani nayo ina siku zake zinazoliwa kama hizo za meli, wiki tatu unazosema, toa siku ya ndege, toa kulala Dar, toa ile barabara kilomita 800 na ushee na malori ya mlima Kitonga (au ndege ya kutua uwanja wa Songwe kama hakuna ukungu), toa hivyo hivyo kurudi, mama yako anabaki na siku kumi na tano. Ukichukua 14 za meli halafu mwezi wa kumi mtu akaugua huku, utapata wapi masaa? Mimi nisingegusa akiba.

Na mmoja wenu amwulize Mama Wawili kuhusu pasipoti ya mume wake, sijaona mtu amelitaja.

*

Kutoka: Mama Wawili (Leicester)

Shikamoo baba, ahsante, umenikamata palepale. Mimi nina ya Uingereza, mzee bado ana ya Tanzania na ukaazi wa kudumu. Tulidhani kwa kuwa tunatokea na kurudi hapa hapa haina shida?

*

Kutoka: Shemeji wa Rungwe (Reading)

Ina shida shem, na kwenye foleni ya kupandia meli ndo watu wanagundua. Norway, Ufaransa, Ubelgiji, Hispania, Ureno wote ni Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Wewe huhitaji viza, yeye anahitaji, hata kama anashuka masaa manne kununua sumaku ya friji. Bila viza meli yenyewe inaweza kumkatalia kupanda na hela hairudi.

Mambo ya haraka haraka, ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, ile ile akienda siku 4 au 14, na hapo ndo naona ile ya 4 haina maana kwenu, mtalipa viza na kusumbuka na miadi kwa bandari mbili. Anaomba kwa nchi atakayokaa siku nyingi, kwa Norway ni wao. Anaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, asingoje wiki mbili za mwisho maana maamuzi kawaida ni siku 15 baada ya kupokelewa lakini kupata miadi yenyewe ndo kazi. Pasipoti iwe na uhai angalau miezi mitatu baada ya kutoka na isiwe imetolewa zaidi ya miaka kumi nyuma, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Kama mzee ana ya karibu kuisha aanze ubalozini kwetu SASA, sio Februari.

*

Kutoka: Dada wa Mafinga (Houston)

Na tipu, ile bakshishi ya wafanyakazi wa meli! Nilisahau. Huku wanakata kwa kichwa kwa siku, dola 16 mpaka 20 hivi, watu wawili usiku 7 kwa dola 16 ni 224, usiku 14 ni 448, na haipo kwenye ile bei kubwa waliyoandika kwa wino mwekundu. Uliza, kuna makampuni ya huko kwenu yameshaiweka ndani ya bei. Na simu iwe kwenye hali ya ndegeni kuanzia meli inapong'oa nanga, mtandao wa meli ukikunasa bili yake utauza shamba la parachichi.

*

Kutoka: Kijana wa Kyela (Hamburg)

Tipu ndo ilinisomeshea mdogo wangu pale Uyole, msiikate jamani 😂

*

Kutoka: Mama Wawili (Leicester)

Haya wapendwa, tumekaa jana usiku meza ya jikoni na kalenda, rota yangu (ratiba ya shifti) na chai ya tangawizi, tumeamua.

Tunaenda 7, Norway. Jumamosi kwa Jumamosi. Nimehesabu rota, wiki ile nina shifti tatu tu ndefu, kwahiyo natoa masaa 37.5 na ofu zangu zinafanya kazi iliyobaki, Desemba haijaguswa hata saa moja. Usiku wa Ijumaa tunalala kwa rafiki Southampton kwa sababu treni za Jumamosi asubuhi siziamini. Chumba cha katikati, ghorofa ya nne, kina kidirisha. Mzee alitaka cha balkoni, binti akamwonyesha tofauti ya bei, akasema kumbe hata dirisha ni dirisha.

Tipu ipo ndani ya bei, nimepiga simu kuuliza, dakika arobaini kwenye muziki wa kusubiri.

Pasipoti ya mzee imebaki na miezi kumi na moja, hesabu inabana sana, mwezi wa tano itakuwa imebaki miezi minne, Shemeji umetuokoa maana safari ingesogezwa mbele kidogo tu ingekuwa chini ya mitatu. Kaamua aibadilishe kabisa, Jumatatu anaenda London ubalozini. Kanuna kidogo kuhusu wiki mbili zake, nimemwambia atazipata akistaafu, ataenda kugombania mashine ya kufulia na wenzake.

Baba wa Uyole, Desemba nakuja na sweta lako. Niwekee debe la viazi, ndaga fijo, ahsante sana.

*

Kutoka: Mzee wa Uyole (Mbeya)

Saizi ni XL siku hizi, sio L. Viazi vipo. Mwambie mume wako siku ya mwisho abakize suruali nje.