Tupeane uzoefu: baridi ya Januari 2009, ski za kuchonga nyumbani na safari ya kwenda kuona Obama akiapishwa

Seremala_MN
Habari za leo wakuu. Jana nilikuwa napanga stoo, nikakuta ski moja, ule ubao wa kuteleza juu ya theluji, imesimama nyuma ya jokofu bovu. Moja tu. Mwenzake ilivunjikia Indiana, Januari 2009, usiku tukielekea Washington. Nimekaa nayo mkononi muda mrefu, ndiyo maana nimekuja hapa.

Mliokuwa Minnesota baridi ile mnaijua. Zile siku za katikati ya Januari ukivuta pumzi mara moja tu unasikia nywele za puani zimeganda. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, darasani kwao karibu kila mtoto ana ski, na mimi kazini wamenipunguzia saa. Nikachukua mbao tatu za mwaloni zilizobaki kwenye kazi ya kuweka sakafu. Nikazipiga randa mpaka zikawa nyembamba. Ncha nikazichemsha kwenye sufuria ya ugali ya mama watoto, nikawa naongeza maji kila yakipungua, kisha nikazikunja polepole na kuzibana kwenye jiriwa siku tatu zikauke na mkunjo wake. Chini nikasugua mshumaa. Pa kufungia mguu nikakata tyubu ya baiskeli. Asubuhi ya kwanza alishuka kile kilima nyuma ya nyumba, akaanguka, akainuka, akapanda tena. Akashuka mpaka giza likaingia.

Jumamosi tarehe 17 tukaondoka watu saba kwenye gari moja. Mtoto akagoma kuacha ski zake. Tulipopita Chicago na kuingia Indiana, ile theluji inayotoka ziwani ikatushukia, huoni hata taa za gari la mbele. Tukaserereka mpaka mtaroni. Tairi za mbele zinazunguka tu. Tumechimba kwa mikono, tumeweka mazulia ya gari, wapi. Binti ndiye aliyetoa ski mwenyewe, akasema, "Baba, weka hizi." Nikaziingiza chini ya tairi, moja kila upande. Gari likapanda. Ya kushoto ikalia paa, ikakatika katikati. Mtoto akaokota vipande vyote viwili, akavipakata mpaka Washington.

Mlioenda mwaka ule, leteni na nyinyi.

Kaskazi
Nilikuwa Saint Paul. Nathibitisha hizo nywele za puani.

Nyundo7
Mkuu pole, ila mimi pia ni fundi. Mwaloni haukunjiki kwa kuchemsha kwenye sufuria ya ugali. Ungepasuka.

Seremala_MN
Unakunjika ukiwa mwembamba na ukifuata nyuzi za mti. Wa kwanza ulinipasukia. Wa pili na wa tatu ulikubali. Ski ninayo hapa, siwezi kubishana na kitu ninachokishika.

MamaPacha_MD
Kaka Seremala, umenitonesha kidonda. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wa tiketi za zambarau. Mliokuwepo mnajua ninamaanisha nini.

Tiketi za kuingia eneo la kiapo tulipata mbili kupitia ofisi ya mbunge wa huku kwetu, mimi na mume wangu. Nililia siku zilipofika. Tukalala kwa dada yangu Silver Spring, nje kidogo ya Washington, saa kumi alfajiri treni za Metro zinaanza, sisi tuko kwenye ngazi. Tulipotoka tukaelekezwa tupange foleni ndani ya handaki la Mtaa wa Tatu, ile barabara inayopita chini ya viwanja vya Mall, vile vya wazi mbele ya Bunge. Tukaingia. Nikadhani ni dakika thelathini.

Jamani, tulikaa mle mpaka nikapoteza hesabu ya saa. Maelfu ya watu gizani, choo hakuna, wa kuuliza hakuna. Mzee mmoja Mmarekani mweusi alikuwa amevaa suti ya harusi yake, alituambia hivyo, na ameshika tiketi kwa vidole viwili kama picha ambayo haijakauka. Watu wakaimba mpaka nyimbo zikaisha. Foleni ikisogea hatua tatu tunashangilia. Miguu ilikufa ganzi kwanza, halafu magoti.

Tulipotoka handakini na kufika getini, geti limefungwa. Tunaliona jengo la Bunge, lile kuba jeupe kabisa, na hatuoni kitu kingine. Watu wanainua tiketi juu na kupiga kelele wafunguliwe.

Ndipo simu ikalia. Mtandao ulikuwa umezidiwa asubuhi nzima, sijui ile ilipenyaje. Mama yangu, Kisumu. Kule ni saa mbili usiku. Anauliza, "Mko upande gani? Nawatafuta kwenye TV siwaoni." Nikamwambia, mama, tuko nje, wametufungia. Akanyamaza. Kisha akasema, "Ngoja," akaweka simu kwenye spika ya TV.

Nilisikia Obama akiapa kupitia sebule ya mama yangu Kisumu, huku nimesimama nje ya uzio wa mahali anapoapia. Kuna mahali sauti ilikatika, nikaruka, nikadhani salio la mama limekwisha. Kumbe ni Jaji Mkuu alikosea maneno na Obama akasita akimsubiri. Akaendelea. Nikampa mume wangu sikio moja, mimi moja. Yule mzee wa suti ya harusi akauliza, "Amesema nini?" nikawa namrudishia neno kwa neno. Salio lilikwisha kweli, hotuba ikiwa ndiyo kwanza inaanza.

DadaKoku
Nimesoma nikiwa kwenye daladala, machozi yananitoka watu wananiangalia.

Kaskazi
Yule mzee.

Jicho_la_Tatu
Sisi tusio na tiketi tulifaidi. Tulitoka Virginia kwa miguu maana madaraja yalifungwa kwa magari binafsi, tukasimama karibu na mnara wa Washington, tukaona kila kitu kwenye skrini kubwa. Na mimi nadhani wa tiketi wengi mlichelewa kuamka.

MamaPacha_MD
Kaka, nimeandika saa kumi alfajiri. Soma kwanza.

Jicho_la_Tatu
Nimesoma vibaya, niwie radhi dada.

Nyundo7
Tena kiapo chenyewe hakikuhesabika, alirudia kesho yake Ikulu. Kwa hiyo tarehe 20 hakuwa rais.

Kaskazi
Nyundo acha. Katiba yao, marekebisho ya 20, muhula unaanza saa sita mchana tarehe 20 Januari. Saa sita ilipogonga alikuwa rais hata kabla hajafungua mdomo, maana kiapo kilichelewa dakika chache. Kile cha kesho yake kilikuwa kuondoa maneno ya watu.

Nyundo7
Bila kiapo anatekelezaje kazi? Katiba hiyohiyo inasema aape kabla ya kuanza kazi.

Kaskazi
Kuwa rais na kuanza kazi ni vitu viwili.

DadaKoku
Nyinyi wawili fungueni uzi wenu wa katiba. MamaPacha, mama bado yuko?

MamaPacha_MD
Yuko, dada. Ana miaka 81. Kila mwaka Januari hunikumbusha kwamba nina deni lake la salio.

Otieno_wa_Ziwani
Mimi nilikuwa Kogelo, kijijini kwa baba yake Obama, usiku ule. Ng'ombe walichinjwa, skrini ikawekwa, watu walitembea kutoka vijiji vya mbali. Mama Sarah mwenyewe, mke wa babu yake Obama, alikuwa amesafiri Washington. Baridi hatukuijua. Lakini swali langu: Watanzania mnafanya nini kwenye hadithi hii? Sisi Wakenya ndio tuliopewa mapumziko ya kitaifa tarehe 6 Novemba 2008, Obama aliposhinda uchaguzi.

Seremala_MN
Ndugu yangu Otieno, kwenye gari langu tulikuwa Watanzania wanne, Wakenya wawili na Mrundi mmoja. Kule mtaroni tulisukuma wote.

Otieno_wa_Ziwani
Hapo umenifunga mdomo. Karibu Siaya.

BabuWaTanga
Watoto wangu, msilalamike sana. Januari 1985 nilikuwa mwanafunzi, tukasafiri usiku kucha kwenda kumwona Reagan akiapishwa mara ya pili. Baridi ikazidi, wakahamishia shughuli ndani ya Bunge na gwaride wakalifuta. Nilifika, nikaona barabara tupu, nikarudi.

DadaKoku
Shikamoo babu. Pole.

BabuWaTanga
Marahaba mwanangu. Mpaka leo nikiona gwaride lolote nasimama mpaka liishe.

Upepo_wa_Kusi
Naomba ushauri kwa anayepanga kwenda kwenye tukio kama hilo. Miguu unaitunzaje?

Jicho_la_Tatu
Mfuko wa plastiki juu ya soksi, halafu kiatu. Nilikaa saa saba salama.

Kaskazi
Usithubutu! Plastiki inatoa jasho, jasho linapoa, vidole vinakufa. Gazeti ndani ya kiatu, kiatu namba moja zaidi ya yako.

MamaPacha_MD
Chai usibebe. Upande wa wenye tiketi hawaruhusu chupa ya chai, begi la mgongoni wala kigari cha mtoto.

Kaskazi
Siku ile yenyewe ilikuwa kama digrii 2 tu chini ya sifuri kwa Selsiasi. Minnesota hiyo unatoka na sweta.

MamaPacha_MD
Baridi ya kutembea siyo ya kusimama. Kasimame saa tano kwenye zege halafu uniambie habari za sweta.

DadaKoku
Ushauri wangu: mwekee mama yako salio la kutosha, baki nyumbani.

Upepo_wa_Kusi
Na ski? Nina watoto wawili, tumehamia Vermont Septemba.

Nyundo7
Nunua za mitumba. Waombe wauzaji wakague mahali buti linapofungiwa. Tyubu ya baiskeli inaweza kumvunja mtoto mguu.

Seremala_MN
Hapa nakubaliana na Nyundo kwa sehemu. Ya kwangu ilikuwa ya kilima kidogo tu, na kisigino kiko huru, mguu unachomoka akianguka. Mlima mkubwa hapana. Na mshumaa usugue kila asubuhi, ukisahau theluji inaganda chini ya mbao na mtoto hasogei hata hatua.

Otieno_wa_Ziwani
Mwambieni watoto habari za Philip Boit. Olimpiki ya Nagano 1998, mbio za ski za kilomita 10, Mkenya wetu alimaliza wa mwisho kabisa, na Bjørn Dæhlie aliyechukua dhahabu akamsubiri pale kwenye mstari amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

DadaKoku
Seremala, vile vipande viwili viliishia wapi?

Seremala_MN
Dada, tulifika Jumapili usiku, Jumanne tukasimama mbali kabisa, karibu na jengo la kumbukumbu ya Lincoln. Mtoto mabegani kwangu, nikichoka anapanda kwa mwenzangu Mrundi. Watu walipoanza kulia aliniuliza kama kuna kitu kibaya kimetokea. Vipande alikuwa ameviacha garini. Tulipofika nyumbani aliviomba mwenyewe vitiwe gundi, nikajaribu, havikushika. Akavizika kwenye theluji pale kilimani, na theluji ilipoyeyuka Aprili sikuviona tena. Sikumuuliza.

Sasa hivi nimempigia picha hii iliyobaki, nimemtumia. Tyubu imeoza, inabomoka ukiigusa. Ncha bado imekunjika vilevile. Amejibu neno moja tu: "Usiitupe." Nimeitoa stoo, iko mlangoni hapa.