Mmemdhulumu bondia Ayub Kalule vya kutosha: orodha zenu za "bora bila kujali uzito" ni za kuhesabu nokauti tu

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitaulainisha.

Tangu Terence Crawford ampige Canelo Álvarez kule Las Vegas Septemba 2025, kila mtu humu amegeuka mpanga orodha. Mara kumi bora wa dunia, mara watano bora wa Uganda. Na za Uganda zote zimenakiliana: namba moja John Mugabi, Mnyama. Kalule anatupwa wa tatu, wa nne, na wasifu wake ni mstari mmoja, "alipigwa na Sugar Ray Leonard." Basi, imeisha hiyo. Kuna ssebo (bwana) mmoja hata kamweka Idi Amin namba tano! Jamani, ubingwa wa taifa enzi za mkoloni haumpi mtu kiti karibu na Cornelius Boza-Edwards, bingwa wa dunia wa paundi 130.

Tuelewane kwanza tunapima nini. Hii habari ya "bila kujali uzito" ilivuma kwa ajili ya Sugar Ray Robinson. Wa uzani wa juu walikuwa wanabeba sifa zote kwa ukubwa wa miili yao, watu wakatafuta namna ya kusema kwamba huyu wa paundi 147 ndiye fundi kuliko wote. Swali lilikuwa la ufundi: ondoa kilo, nani anajua zaidi, na alimwonyesha nani? Asilimia ya nokauti haijibu swali hilo. Idadi ya mikanda nayo hailijibu, hasa siku hizi ambapo kuna uzani 17 na mashirika manne makubwa (WBA, WBC, IBF na WBO), wakati Henry Armstrong mwaka 1938 alishika mikanda mitatu kwa mpigo katika uzani 8 tu uliokuwapo.

Sasa kinachoudhi zaidi ni kwamba kwa Uganda hata hiyo kazi ya kuondoa kilo ni ndogo. Kalule, Mugabi na Kassim Ouma wote walitwaa ubingwa wa dunia katika uzani uleule mmoja wa paundi 154, yaani kilo 69.85. Kalule WBA mwaka 1979, Mugabi WBC mwaka 1989, Ouma IBF mwaka 2004. Mizani ni ile ile, na bado mnakosea!

Angalieni mikanda ilivyopatikana. Tarehe 24 Oktoba 1979 Kalule alimfuata Masashi Kudo nyumbani kwake, Akita, Japani, wakaenda raundi zote 15, akashinda kwa pointi. Kushinda kwa pointi ugenini, kwa mwenye mkanda, si jambo la kupita juu juu. Kisha akautetea mara nne. Mugabi alipata wake Julai 1989 Ufaransa mbele ya René Jacquot. Raundi ya kwanza Jacquot akateguka kifundo cha mguu, pambano likafa hapo hapo. Machi 1990 Terry Norris akamlaza Mugabi raundi ya kwanza. Mkanda uliingia kwa raundi moja na ukatoka kwa raundi moja, bila hata utetezi mmoja uliofaulu katikati.

Najua mtakalosema: Hagler, bingwa wa dunia wa uzani wa kati. Haya, tuseme Hagler, maana ndilo pambano pekee mnalolijua. Tarehe 10 Machi 1986, Caesars Palace, Mugabi akipanda kutoka 154 kwenda 160. Raundi ya sita pale ni ya kutazamwa mara kumi, na hakuna anayebisha kwamba Mugabi alimpa Marvin Hagler kazi nzito. Lakini itazameni kwa jicho la kocha. Ngumi za Mugabi zilianzia kiunoni na kuzunguka kwa upana. Ngumi ya namna hiyo ikitua, mtu analala. Ikikosa, bega linaifuata, nyonga inafuata bega, mguu wa nyuma unaburuzika, na bondia anatumia hatua nzima kurudi kwenye msimamo wake. Ngumi iliyokosa inachosha kuliko iliyotua, kwa sababu hakuna cha kuizuia isipokuwa misuli yako mwenyewe. Hagler alilijua hilo. Akawa anachomoa jabu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele), anasogea nusu hatua, anaacha kimbunga kipite, kisha anajibu. Mugabi alikuwa amemaliza kila mtu mapema kwa nokauti na hakuwa amewahi kuvuka raundi ya 10. Ya 11 ilipofika miguu ilikuwa imekwisha, akahesabiwa akiwa amekaa chini.

Hicho ndicho asilimia ya nokauti inachowaficha. Rekodi ya nokauti tupu inaonyesha mkono mzito. Haionyeshi mapafu, wala haionyeshi kama mtu anajua kuvuna raundi ya 9 mpinzani akigoma kuanguka.

Kalule alikuwa kinyume chake. Mashoto, mguu wa kulia mbele, jabu ya kulia ikifungua njia, halafu kuganda kifuani na kuchimba mbavu raundi baada ya raundi. Haipendezi kwenye video za sekunde 30, ndiyo maana vijana hamuijui. Alipanda ulingoni Houston tarehe 25 Juni 1981 akiwa na mapambano 36 bila kupoteza, na Leonard akamsimamisha mwishoni mwa raundi ya 9 kati ya 15 zilizopangwa. Nakubali bila kuzunguka: Leonard ndiye aliyetoka 147 kupanda 154, kwa hiyo mwili mkubwa ulikuwa wa Kalule. Hilo linampunguzia. Lakini kumpima mtu kwa kumkosa Leonard wa 1981, miezi mitatu kabla Leonard huyo hajamvunja Thomas Hearns, ni kumwonea.

Na sasa lile ambalo hakuna orodha hata moja humu imeligusa. Mnataka kupima mtu kuvuka uzani? Mwaka 1974 peke yake, Kalule alichukua dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola Christchurch kwenye kilo 60, kisha mwaka uleule akaenda Havana, mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ridhaa, akachukua dhahabu ya kilo 63.5. Kwenye kulipwa akawa bingwa wa dunia wa kilo 69.85. Mwaka 1985 akawa bingwa wa Ulaya wa uzani wa kati, kilo 72.57. Piga hesabu: kutoka 60 hadi 72.57 ni ongezeko la karibu asilimia 21, na kila kituo alitwaa taji.

Tena utetezi wa taji hilo la Ulaya ulikuwa dhidi ya Sumbu Kalambay, Desemba 1985, Ancona, Italia, kwa Kalambay mwenyewe. Kalambay huyo baadaye alimshinda Herol Graham, akawa bingwa wa WBA, na mwaka 1988 akampiga Mike McCallum kwa pointi. Nitajieni mtu mmoja wa kiwango cha Kalambay aliyeshindwa na Mugabi. Frank Fletcher? James Green? Wapiganaji wazuri, wagumu, lakini tusidanganyane.

Mkipima kupanda uzani, tumieni asilimia, si paundi. Kutoka uzani wa flai kwenda wa bantam ni paundi 6 kwenye 112, zaidi ya asilimia 5. Mugabi kumfuata Hagler ni paundi 6 vilevile, lakini kwenye 154, hazifiki asilimia 4. Crawford kutoka 154 hadi 168 ni asilimia 9, na hapo ndipo sifa zake zinaanza kuwa za kweli. Robinson mwaka 1952 alipanda ulingoni na paundi 157 na nusu dhidi ya Joey Maxim wa 173, akawa anaongoza kwa majaji wote mpaka joto likamkalisha kwenye kona baada ya raundi ya 13.

Halafu ulizeni walipimwa lini. Zamani ilikuwa asubuhi ya siku ya pambano. Uliyejikausha maji ukapanda ulingoni ukiwa umekauka. Leo wanapima siku moja kabla, mtu anarudisha maji na wanga usiku kucha. IBF ndiyo iliyoweka utaratibu wa kupima tena asubuhi ya pili, usizidi paundi 10 juu ya kikomo. Kwa hiyo "154" ya leo na "154" ya 1979 ni miili miwili tofauti. Anayelinganisha bila kulitaja hili anacheza bao na debe tupu.

Orodha yangu: Kalule, Boza-Edwards, Mugabi, Ouma. Leteni hoja, msilete picha za misuli.

—

Kona Nyekundu: Mzee umeandika vizuri lakini umeficha doa. Kalule alipoteza mara nne na zote nne alisimamishwa: Leonard, Davey Moore, McCallum, Graham. Mtu asiyemaliza hata kipigo kimoja kwa miguu yake unamwitaje namba moja? Na Mugabi ana fedha ya Olimpiki Moscow 1980, mbona hukuitaja?

Mwenye uzi: Doa lipo, sikatai, na ni kubwa. Lakini soma raundi: ya 9, ya 10, baada ya 7, ya 10. Sasa soma za Mugabi nje ya Hagler: Duane Thomas raundi ya 3, jicho likiwa limeumia, Norris ya kwanza, Gerald McClellan ya kwanza. Fedha ya Moscow ni heshima kubwa. Ila dhahabu mbili za 1974 mnazificha kila siku, nami nimefanya kama ninyi, mwone utamu wake.

Jabu Tatu: Kwa nini Boza-Edwards wa pili? Mkanda wake ulidumu miezi mitano.

Mwenye uzi: Kwa sababu ya watu aliopigana nao. Machi 1981 alimshinda Bazooka Limón raundi 15, Mei akamfanya Bobby Chacon abaki kwenye kona baada ya raundi ya 13. Akaupoteza kwa Rolando Navarrete Agosti, raundi ya 5. Hiyo ni ndani ya mwaka mmoja, bwana, kwenye paundi 130 ya wakati ule iliyojaa wauaji watupu. Ungemwuliza Mugabi miezi mitano ya namna hiyo angeomba likizo.

Kona Nyekundu: Sawa, lakini Leo Rwabwogo umemwacha wapi? Shaba ya Olimpiki 1968, fedha 1972.

Mwenye uzi: Rwabwogo na Eridadi Mukwanga ni medali za ridhaa, kipimo chao ni kingine kabisa. Nitawafungulia uzi wao. Na yule ndugu aliyemweka Idi Amin namba tano asije naye huko.