Mivule ya msitu wa kijiji: tuiuze kwa mkupuo?

Mkazi wa Muheza:
Ndugu zangu, kijiji chetu kina msitu wa hifadhi wenye mivule na mikangazi, na amejitokeza mfanyabiashara anayetaka kununua kwa mkupuo miti yote iliyonenepa, kwa fedha za kutosha kumalizia madarasa. Je, kuna namna ya kuvuna bila kuumaliza msitu?

Bwana miti mstaafu, Tanga:
Ipo. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji chenye mpango wa usimamizi na sheria ndogo kinaweza kuvuna msitu wake na mapato yakabaki kijijini. Ila hesabieni kwanza miti, mjue ni mingapi inayoweza kutolewa kwa mwaka pasipo kuipita kasi ya msitu kukua. Kuhusu mvule, kuna jambo ambalo wengi hawalizingatii: una mti dume na mti jike, matunda hutoka kwa jike, na popo ndio wanaosambaza mbegu. Mkiuza yote iliyonenepa mtakuwa mmeuza na mbegu, wala msitegemee kupanda shamba la mivule mitupu kama misaji ya shamba la miti la Longuza, kwa sababu miche ya mvule ikisongamana peke yake hushambuliwa na kijidudu kinachovimbisha machipukizi hadi yakaoza. Wekeni alama kwenye miti mama, ile ya kuachwa itoe mbegu, na kila gogo linalotoka ligongwe nyundo ya kutia alama, pamoja na kisiki chake.

Seremala, Ngamiani:
Minene ikiisha, wanunuzi hushukia myembamba. Mvule mchanga una mbao nyeupe nyingi ya nje, nayo hubunguliwa upesi, kisha mteja anarudi kwangu na mlango wake. Tena, pasueni mbao wenyewe. Gogo likiondoka zima, sehemu kubwa ya faida imeondoka nalo.

Mkulima wa iliki, Amani:
Msihesabu mbao pekee. Maji yanayonywewa jijini Tanga hutoka bwawa la Mabayani, kwenye Mto Zigi, unaoanzia katika misitu ya huku kwetu. Hata iliki, inayosifiwa kwa kupenda kivuli, ina lawama yake: anayefyeka miche yote chini ya miti mikubwa hauachii msitu warithi.

Mkazi wa Muheza:
Nawashukuru. Hesabu hiyo inafanywa na nani?

Bwana miti mstaafu, Tanga:
Na kamati yenu ya maliasili, ikiongozwa na ofisa misitu wa wilaya. Vijana wakifundishwa kupima shina usawa wa kifua, kazi itakwenda. Huyo mnunuzi mwambieni asubiri.