Msaada: Batman v Superman iliingiza milioni 874, kwa nini inaitwa imefeli? Mjadala ni kesho

Kalamu Kavu: Wakuu, habari zenu. Kesho nina mjadala wa filamu za mashujaa za Marvel na DC, kampuni mbili hasimu, mimi niko DC. Nimejumlisha mapato nikagawa kwa idadi ya filamu, wastani wetu si haba. Ila nikiitaja Batman v Superman (2016) naambiwa ilifeli. Dola milioni 874 duniani kote, kufeli gani huko? Nijibu vipi? Usingizi umekata.

Ngoja Nisome: Naweka kambi.

Dada Tiketi: Acha jumla, angalia mkia. Chukua mapato yote ya Marekani na Kanada, gawa kwa wikiendi ya kwanza. Batman v Superman ilifungua na milioni 166, ikamaliza na 330, yaani mara mbili tu. Wikiendi ya pili ilianguka kwa asilimia 69. Wonder Woman (2017) ilifungua na 103 ikafika 412, mara nne. Wikiendi ya kwanza huletwa na trela na jina la shujaa. Zinazofuata huletwa na aliyeshaona kumwambia mwenzake "nenda". CinemaScore, wanaowauliza watazamaji wa usiku wa kwanza, walipata B kwa Batman v Superman na A kwa Wonder Woman. Kwa sinema za mashujaa, B maana yake watu wametoka wamenuna.

Mzee wa Bisi: Hesabu zote hizo za nini? Marvel wana utani, DC wana giza. Kule hata jua linaomba ruhusa.

Bwana Hesabu: Mkuu, orodha yako ina filamu zipi?

Kalamu Kavu: Zote za DC.

Bwana Hesabu: "Zote" si jibu. The Dark Knight na Joker zimo?

Kalamu Kavu: Zimo. Nembo si ileile?

Bwana Hesabu: Nilijua tu. Mfululizo wa DC uliounganishwa ulianza na Man of Steel (2013) ukafungwa na Aquaman ya pili, Desemba 2023. The Dark Knight ni ya 2008 na Joker ya 2019 inajitegemea. Kila moja ilivuka bilioni. Ukizitoa, kwenye mfululizo iliyovuka bilioni ni Aquaman ya 2018 peke yake. Ukizibakiza, wape na wenzako X-Men na Venom, ambazo ni za Marvel kwa nembo lakini ziko nje ya mfululizo wao. Tena Spider-Man: No Way Home, bilioni 1.9, msambazaji ni Sony, si Disney wenye Marvel. Amua unapima nembo, studio au mfululizo.

Kalamu Kavu: Kuzitoa haiwezekani. Video imeshahaririwa, jalada limeandikwa "DC HAIJAWAHI KUFELI".

Dada Tiketi: Video? Si ulisema mjadala?

Ngoja Nisome: Hii ni chai. Hakuna mjadala wowote, jamaa anataka tumwandikie maneno ya kusoma.

Mzee wa Bisi: Na chai yenyewe haina sukari.

Kalamu Kavu: Mjadala utakuwa kwenye maoni chini ya video. Huo nao ni mjadala.

Bwana Hesabu: Chai au si chai, jalada hilo litakuumbua. The Flash (2023) iliishia milioni 271 duniani, na bajeti ilikuwa angalau 200. Majumba hubaki na karibu nusu ya tiketi, China studio huambulia kama robo, na matangazo hayamo kwenye bajeti. Ndiyo maana watu hukadiria filamu inajilipa ikifika mara mbili na nusu ya bajeti. Batman v Superman, kwa bajeti ya 250, ilivuka hapo. Sema hivi: pesa ilirudi, imani haikurudi. Ushahidi ni Justice League (2017): Batman, Superman na Wonder Woman wote wamo, ikafungua na milioni 94, chini ya 103 za Wonder Woman akiwa peke yake. Ukitaka kurusha jiwe upande wa pili, Captain Marvel (2019) ilivuka bilioni. Mwendelezo wake, The Marvels (2023), ukaishia 206.

Kalamu Kavu: Kwa hiyo nibadilishe jalada, wastani niuache?

Dada Tiketi: Anza kuutoa huo wastani.

Kalamu Kavu: Lakini uko dakika ya kwanza kabisa…