MREJESHO: Riwaya mpya za Kiswahili na kundi la kusoma, Dar

Habari wakuu. Niliuliza hapa riwaya mpya za Kiswahili zinapatikana wapi Dar, na nijiunge na kundi gani la wasomaji. Asanteni sana kwa majibu.

Ushauri wa kufuatilia vitabu vilivyoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell, tuzo ya fasihi ya Kiswahili, umenifaa kuliko yote. Kadhaa vimechapishwa na Mkuki na Nyota, hivyo nikaenda duka la vitabu la TPH, mtaa wa Samora, ambako vitabu vyao vinauzwa. Nikatoka pia na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Kiswahili chake kitamu mno, mpaka namsomea mama kwa sauti.

Kwa wauza vitabu vya mitumba sikuambulia riwaya mpya. Kundi la WhatsApp nililojiunga nalo limejaa matangazo ya biashara, nikajitoa.

Dada aliyesema tuanzishe letu, Mungu akubariki! Tunakutana Jumamosi, kila mmoja anakuja na ukurasa aliouwekea alama na kuusoma kabla ya kutoa maoni. Hata wakimya wanaongea. Tatizo lililobaki ni nakala: tunapokezana, wengine wanafika hawajamaliza, na hilo bado hatujalipatia dawa.