Dawa ya kutuliza hofu kabla ya kung'olewa magego: naomba ushauri

Mama Tabu, Nansio

Ndugu zangu, salaam. Nina magego mawili ya chini, upande wa kulia, yaliyooza hadi yamebaki magamba, na daktari wa meno wa Mwanza mjini amekwisha kuniambia kwamba hayazibiki tena, ni ya kung'olewa tu. Nimepangiwa siku mara mbili. Mara zote mbili nimefika hadi kwenye benchi la nje, nikasikia vyombo vikigongana kwenye sinia la chuma, nikanyanyuka na kuondoka bila kuaga. Nikiwa darasa la sita niling'olewa jino huku watu wawili wamenishika mabega, kwa kuwa sindano ya ganzi ilikuwa haijashika na aliyenihudumia hakutaka kusubiri. Leo nina miaka 41 na nimezaa watoto wanne, lakini harufu ya zahanati ikinifikia tu, viganja vinalowa jasho.

Jirani yangu amenipa vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza hofu, vilivyobaki alipofariki mama yake, akaniambia nimeze viwili asubuhi kabla ya kupanda meli ili nifike mjini nimetulia. Je, ni salama? Na nikishameza, bado nitahitaji ganzi? Natumia dawa ya shinikizo la damu kila siku, na wiki hii nina mafua, namezea Piriton.

Mfamasia wa Igoma

Mama Tabu, pole sana kwa uliyotendewa ukiwa mtoto. Nakuomba vidonge hivyo usivimeze, ingawa dawa yenyewe si ngeni katika kazi hii. Kwa mtu mzima mwenye hofu kubwa, daktari huweza kuandika diazepamu miligramu 5 hadi 10, imezwe kiasi cha saa moja kabla ya kung'oa, na pengine dozi nyingine usiku wa kuamkia siku hiyo ili mgonjwa apate usingizi. Lakini vidonge vyake hutengenezwa vya miligramu 2, vya 5 na vya 10, kwa hiyo anayekwambia "meza viwili" bila kusoma pakiti anaweza kuwa anakupa miligramu 4 au 20, na tofauti hiyo si ndogo.

Kisha tazama safari yako. Ukimeza Nansio, dawa itakukolea ukiwa majini, na utashuka ngazi za meli miguu ikiwa mizito, halafu upande bodaboda. Piriton nayo inaleta usingizi, na zikikutana zinaongezeana nguvu. Hatari kubwa zaidi ni kuichanganya na pombe au tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, kwa sababu hapo pumzi inaweza kufifia hadi ikakatika mtu akiwa amelala. Diazepamu pia haiondoki mwilini upesi: siku ya pili sehemu kubwa bado imo.

Kuna jambo ambalo hulazimiki kulijibu hapa hadharani, ila daktari usimfiche: kama mtu anatumia dawa za kupunguza makali ya VVU, baadhi yake huzidisha sana nguvu ya dawa za kundi hili, na dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hufanya kinyume, huzimaliza nguvu. Mwenye ujauzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa ini na anayekoroma hadi pumzi kukatika usingizini nao wanahitaji uangalifu wa pekee.

Kuhusu swali lako la pili: ndiyo, ganzi iko palepale. Diazepamu hutuliza moyo, haiui maumivu ya jino hata kidogo.

Mzee wa Misungwi

Mwanangu, zamani sisi tulikuwa tunapiga glasi moja ya pombe kali, tunakaa kwenye kiti na jino linatoka. Usijitie mawazo mengi.

Mfamasia wa Igoma

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, naomba ushauri huo tuuache. Mama huyu ana shinikizo la damu, na huenda akaandikiwa dawa ya kutuliza. Akiongeza pombe juu yake tutakuwa tumemponza.

Fundi Mashine, Kirumba

Mimi nilikuwa kama wewe, dada, na gego langu la mwisho lilikuwa limelala ndani ya taya. Daktari alinichoma midazolamu, dawa ya kutuliza ya kundi moja na diazepamu, kwenye mshipa wa mkono, kidogo kidogo, huku kidoleni nimewekwa kibanio cha kupima oksijeni na muuguzi haondoi macho kwenye namba. Sikulala kabisa, nilikuwa nikiambiwa "fungua mdomo" nafungua, lakini baadaye sikukumbuka. Nilimuuliza mke wangu wataanza lini, naye akanionyesha pamba iliyokuwa mdomoni mwangu. Niliagizwa nisiguse injini ya boti wala kutia sahihi karatasi yoyote hadi kesho yake, na nisingeruhusiwa kutoka kama nisingekuwa na mtu mzima wa kunisindikiza.

Tabibu wa Meno, Sengerema

Ningependa turudi kwenye ile sindano ya darasa la sita, kwa maana nadhani hofu yako ilizaliwa pale. Ganzi hushika kwa shida mahali penye usaha, kwa kuwa nyama iliyovimba ina tindikali inayoidhoofisha dawa. Ndiyo maana ukiwa na uvimbe siku hiyo ni lazima useme, ili daktari aamue kama atibu uvimbe kwanza. Kwa magego ya chini sindano huchomwa nyuma ya taya, kwenye njia ya mshipa wa fahamu, na dalili ya kwamba imeshika ni nusu ya mdomo wa chini kuwa kama umevimba na si wako. Kabla hujaisikia hali hiyo, una haki ya kukataa koleo lisikuguse. Kubaliana na daktari pia kwamba ukiinua mkono wa kushoto anasimama papo hapo. Nimeona wagonjwa wengi ambao ahadi hiyo peke yake iliwatosha, vidonge visihitajike.

Ujue vilevile kwamba ganzi nyingi huchanganywa na adrenalini, inayoweza kuufanya moyo uende mbio kwa dakika chache. Wengi hudhani ni hofu imerudi. Kwa kuwa una shinikizo, mtajie dawa unayotumia ili apime kwanza na kuchagua kiasi.

Mahali penye gesi ya kuchekesha, inayovutwa kwa barakoa ili kumtuliza mgonjwa, hiyo nayo ni njia nzuri, maana huisha mwilini dakika chache baada ya kuondolewa barakoa. Horace Wells, daktari wa meno wa Marekani, alijaribia gesi hiyo kwenye jino lake mwenyewe mwaka 1844.

Mama Tabu, Nansio

Nimewasoma wote, nashukuru sana. Vidonge nitavipeleka famasi viteketezwe. Nimempigia daktari simu na kumweleza habari ya darasa la sita, jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Amesema mafua yaishe kwanza, kisha nije siku moja kabla ili anipime presha na kuamua kama ataniandikia dawa ya kutuliza. Nitalala kwa wifi yangu Nyegezi, naye atanisindikiza kwenda na kurudi. Limebaki moja: asubuhi hiyo nimeze dawa ya presha au niiache?

Tabibu wa Meno, Sengerema

Meza kama kawaida, isipokuwa daktari wako akikuagiza vinginevyo. Na kama ni ganzi peke yake, kunywa chai na ule kitu kabla ya kuondoka. Akiamua kukupa ya kutuliza, muulize mwisho wa kula ni saa ngapi.